Paa la hekalu linapojikunja, usilaumu boksi

"Habari fundi. Mimi na wenzangu hapa Jinja tunacheza gemu za vita za mezani, wanajeshi wa milimita 28, na sasa tunataka kucheza vita vya China ya zamani. Nimejitolea kujenga hekalu. Kuta na nguzo zimetoka poa lakini paa limenishinda. Nimelitengeneza mara mbili kwa boksi la katoni, nikalikunja lipate ule mviringo, nikapaka gundi nyeupe nyingi ili lishike. La kwanza baada ya wiki lilijinyoosha lenyewe na mgongo ukafunguka. La pili pembe zilikunjamana, halafu mvua zilipoanza lote likajipinda. Vile vidude vya juu ya paa nilivichonga kwa styrofoam, nikapiga spreyi, vikayeyuka. Mwenzangu anasema boksi haliwezi hali ya hewa ya huku kando ya ziwa, eti niagize la nje au nichapishe kwa 3D. Pia anasema paa lazima liwe la dhahabu na pembe zisimame kabisa manake zilikuwa za kufukuza mapepo. Sina hela nyingi. Niendelee na boksi au niache?"

Ndugu yangu, usiache. Naona unachoogopa hasa ni kwamba ulichagua mali mbovu tangu mwanzo na kila saa utakayoongeza hapo ni hasara tupu. Siyo hivo. Una shida tatu tofauti zilizokupata kwa pamoja ndo maana zinaonekana kama ugonjwa mmoja: paa kujinyoosha, hiyo inatokana na namna ulivyolikunja, paa kujipinda mvua ikija, hiyo ni gundi na unyevu, na vidude kuyeyuka, hiyo ni kemia ya spreyi tu na haina undugu na hizo mbili. Hakuna hata moja inayosema boksi halifai. Nitakaa zaidi kwenye ya kwanza manake ukiielewa vizuri hiyo, sehemu kubwa ya kazi imeisha.

Chukua kipande cha boksi ukichungulie pembeni. Kuna karatasi mbili bapa na katikati yao karatasi ya mawimbi. Jaribu kulikunja mawimbi yakiwa yamelala sambamba na mkunjo, linakubali kirahisi. Ligeuze sasa, ulikunje hivi kwamba mifereji yenyewe ndo inapinda kwa urefu wake, linagoma, na ukilazimisha linavunjika kwa mstari mmoja mkali. Sasa angalia paa la Kichina: vigae vinashuka kwa mistari kutoka mgongoni mpaka upenuni, kwa hiyo ukitaka mawimbi ya boksi yafanane na vigae lazima uyalaze hivohivo, kutoka juu kushuka chini, na mviringo wa paa nao unashuka upande uleule. Yaani umeliomba boksi lipinde upande ule ambao kiwandani walihakikisha lisipinde, manake kazi ya yale mawimbi ni kuzuia katoni isikunjike ikibeba mzigo. Gundi inaweza kulishikilia wiki moja hivi lakini ile nguvu ya kutaka kurudi haiishi, iko ndani inasukuma usiku na mchana, na panapoachia kwanza ni mgongoni ambapo pande mbili zinakutana kwa mstari mwembamba.

Pembe nazo zina sababu yake. Karatasi bapa, yoyote ile, inapinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Kona ya paa hili inapinda pande mbili kwa pamoja, inashuka kwa mviringo kutoka juu na papo hapo ukingo wa upenu unapanda ukielekea kwenye kona. Hakuna karatasi nzima inayoweza kufanya hivo bila kukunjamana au kuchanika. Kwa hiyo ile mikunjo uliyoiona haikuwa mikono yako, ilikuwa jiometri, na hata mtu mwenye mikono ya dhahabu angeipata.

Sasa shika hili: mafundi wa China hawakupinda mbao kupata ule mviringo. Mwaka 1103, enzi ya ukoo wa Song, serikali ilitoa kitabu cha kanuni za ujenzi kinachoitwa Yingzao Fashi, kilichoandaliwa na ofisa Li Jie, na humo ndani kuna maelekezo kamili ya kuchora mteremko wa paa. Mapao, yale magogo yanayolala sambamba na mgongo wa paa, yanapangwa kwa vimo ambavyo haviko kwenye mstari mmoja. Kati ya pao na pao wanaweka makombamoyo, yale maboriti ya kushuka, mafupi na yaliyonyooka kabisa. Juu mteremko ni mkali, chini unapungua, kila kipande kimenyooka lakini jicho likiangalia kwa mbali linaona mviringo mmoja mtamu. Ukijenga hivohivo kwenye skeli ndogo, hakuna kitu kinachotaka kurudi kokote, kwa sababu hakuna kilichokunjwa kwa nguvu.

Kanuni yenyewe nakupa, ni nyepesi kuliko inavyosikika. Pima umbali kati ya pao la upenu wa mbele na pao la upenu wa nyuma. Kwa majumba makubwa mgongo unainuka theluthi ya umbali huo, kwa majengo ya daraja la chini ni kama robo na ziada kidogo. Chora mstari ulionyooka kutoka mgongoni hadi pao la upenu. Pao la kwanza chini ya mgongo lishushe chini ya mstari huo kwa sehemu 1 ya 10 ya kimo cha mgongo. Kutoka hapo ulipofika chora mstari mpya hadi pao la upenu, na pao linalofuata lishushe chini ya huo mstari mpya kwa sehemu 1 ya 20. Kama una mapao zaidi linalofuata ni 1 ya 40, unaendelea hivo kila mara nusu ya iliyotangulia.

Tuseme umbali wako ni sentimita 18. Theluthi yake ni 6, hicho ndo kimo cha mgongo. Nusu ya paa ni sentimita 9, igawe mara tatu, kila hatua sentimita 3. Hatua ya kwanza, mstari ulionyooka ungekuweka kimo cha sentimita 4, shusha milimita 6, unapata 3.4. Hatua ya pili, mstari mpya ungekuweka 1.7, shusha milimita 3, unapata 1.4. Ya tatu ni sifuri, umefika kwenye pao la upenu. Angalia sasa mteremko wenyewe: hatua ya juu inashuka milimita 26, ya kati 20, ya chini 14. Upenu unaotokeza nje ya hapo ufanye mlalo zaidi, kama milimita 10 kwa kila sentimita 3. Huo ndo mviringo uliokuwa unauhangaikia, na umepatikana kwa rula na penseli.

Chora umbo hilo zima, mbele na nyuma, upenu ukiwemo, kwenye karatasi ngumu, hiyo ndo patani yako. Kutoka hapo kata kenchi, yaani fremu za umbo hilohilo za kubeba mapao, na kwa kenchi usitumie boksi la mawimbi, tumia jalada la kaunta buku iliyokwisha, gundisha majalada mawili yawe unene mmoja. Kila kenchi ichonge vijishimo juu, mahali pa kila pao, vitoshe kijiti cha mishikaki, ambacho huwa ni kama milimita 3. Panga kenchi kila baada ya sentimita 4 au pungufu, laza vijiti kwenye vijishimo, gundisha, acha zikauke kwenye ubao ulionyooka. Kabla hata hujaweka kigae kimoja utashika mifupa ya paa na utaona haichezi. Mimi hapa ndo napapenda kuliko kazi yote iliyobaki, na ukimaliza hii hatua ipige picha umtumie mwenzako.

Jengo unalotaka nadhani ni lile lenye paa la pande mbili juu likikalia paa la chini la pande nne, ndo sura ambayo watu wengi wanaifikiria wakisikia hekalu la China. Mfano mzuri wa kuiga upo kweli, ukumbi mkuu wa hekalu la Nanchan kule mlima Wutai, jimbo la Shanxi, uliojengwa upya mwaka 782. Ni mdogo, nafasi tatu mbele kwa maana ya nguzo nne, karibu mita 12 kwa upana na kama mita 10 kwa kina, na ndani hauna nguzo hata moja, ambayo kwa gemu ni baraka manake wanajeshi wanapita. Kwa skeli ya 1 kwa 60 unapata kama sentimita 20 kwa 17, inakaa vizuri mezani. Jirani yake hekalu la Foguang, ule Ukumbi wa Mashariki wa mwaka 857 ambao wasanifu majengo wa Kichina Liang Sicheng na Lin Huiyin waliufikia mwaka 1937 na kuutambua ni wa enzi ya ukoo wa Tang, ni mzuri hata zaidi lakini una nafasi saba na upana wa mita 34 hivi, kwa skeli hiyo ni zaidi ya nusu mita, utakula meza yote na mtakosa pa kupigania.

Kwenye kona fanya hivi. Paa za pembeni zinaanzia chini, kwenye zile hatua mbili za mwisho tu, na kutoka hapo mpaka ncha ya kona kuna mbao inayokwenda kimshazari, nyuzi 45. Kwenye majengo ya kweli mbao hiyo ni nene kuliko makombamoyo ya kawaida, sasa makombamoyo ya jirani yakiikaribia lazima yainuliwe yalingane nayo, wanayawekea kabari chini, na ndo upenu unapanda. Tena nguzo za pembeni zenyewe huwa ndefu kidogo kuliko za katikati, kitabu kile kinasema kwa jengo la nafasi tatu tofauti ni inchi 2 za Kichina, ambayo kwa skeli yako ni milimita 1 tu. Ongeza hiyo milimita 1, usiidharau, jicho linaiona hata kama mtu hajui anaona nini. Kwa mbao ya kona yenyewe tumia waya ngumu, spoku ya baisikeli inafaa sana, ipinde ncha ya mwisho ipande kama milimita 6 mpaka 8, kisha kata kabari ndogondogo za jalada uziweke juu ya pao la upenu zikiongezeka kimo kuelekea kwenye waya. Sentimita 5 za mwisho ndo zinapanda, siyo upenu wote.

Kufunika sasa. Kata paa kwa mikanda, mkanda mmoja kwa kila hatua kati ya pao na pao, anza wa chini, wa juu uulalie kwa milimita 2 hivi kama vigae vya kweli vinavyolaliana. Kila mkanda umenyooka kwa hiyo mawimbi hayaombwi kupinda tena. Mawimbi yenyewe chagua madogo: kigae cha duara cha kweli kinarudia kila baada ya sentimita 20 au 25 hivi, kwa 1 kwa 60 ni kama milimita 4. Boksi la kubebea sabuni au bia lina mawimbi makubwa karibu mara mbili ya hapo, paa litaonekana la mabati. Tafuta maboksi membamba ya simu, ya taa, au yale ya pitsa, mengi mawimbi yake ni kama milimita 3 na kitu. Lowesha karatasi ya juu kwa kitambaa chenye maji kidogo, subiri dakika chache, uibandue taratibu, mawimbi yabaki wazi, halafu yaache yakauke kabisa kabla ya kuyagundisha. Kwenye kona usiweke boksi hata kidogo. Weka vipande vyembamba vya karatasi ya kawaida, upana wa sentimita 1, kila kimoja kikifuata kabari zake, juu yake gundisha uzi mnene wa kushonea viatu kwa mistari ya milimita 4, uzi hauna shida ya kupinda pande mbili. Ukipaka rangi huwezi kujua boksi liliishia wapi na uzi ulianzia wapi.

Ukipata nguvu, kata vijiti vya mishikaki vipande vyembamba vya milimita 1 ubandike kimoja mwisho wa kila mstari wa vigae pale upenuni. Inachosha lakini hekalu linabadilika kabisa.

Haya, unyevu. Gundi nyeupe ya mbao karibu nusu yake ni maji. Ukiipaka upande mmoja wa karatasi, nyuzi za upande huo zinavimba, hasa kwa upana wake, upande wa pili umebaki mkavu. Gundi ikianza kukauka inasinyaa ikiwa imeshashikana na karatasi na inaivuta, kwa hiyo boksi linajikunja kuelekea upande uliopakwa. Ukiongeza gundi umeongeza maji na umeongeza mvuto, ndo maana gundi yako nyingi ilizidisha tatizo. Halafu paa lako lilikuwa limepakwa juu, chini liko uchi, mvua za Machi zikaja na hewa yenye maji ikaingia kwa chini tu. Dawa ni usawa. Gundi kidogo, ipake kwa kadi iwe utando mwembamba. Ukibandika karatasi juu bandika na chini. Kausha chini ya uzito, ubao na vitabu juu yake, mpaka kesho yake. Na kila upande uzibwe kabla ya rangi. Kuziba, kitu kizuri kuliko vyote nilivyotumia kwa boksi ni sanding sila ile wanayopaka mafundi wa fenicha, unaichanganya na tina, boksi linainywa na likikauka linakuwa gumu kama ubao mwembamba. Paka juu, chini, na hasa kingo zilizokatwa manake hapo ndo mlango mkubwa wa maji. Mchanganyiko wa unga wa ngano na maji usiutumie hata kama ni bure, mende wanaupenda na utakuta paa limetafunwa kona.

Angalia tu sanding sila na tina visifike kwenye styrofoam, na hapa tunaingia kwenye vidude vyako. Styrofoam ni plastiki ya polistirini iliyojaa hewa. Ndani ya kopo la spreyi mara nyingi kuna asetoni au vimiminika vya jamaa hiyo ambavyo vinaiyeyusha polistirini palepale, hakuna njia ya kupiga kwa mbali au haraka ikapona. Super gluu nyingi pia zinaila. Ukitaka kutumia styrofoam ya kwenye boksi la TV, iweke kwenye jukwaa la chini la hekalu, ifunike karatasi na gundi nyeupe, kisha paka rangi ya maji ya ukutani kwa brashi. Usitegemee gundi peke yake kama kinga halafu ukapiga spreyi, tundu dogo kama la sindano linatosha. Vile vidude vya kwenye ncha mbili za mgongo, wanaviita chiwen, ni mnyama anayeuma mgongo wa paa, na watu waliamini analinda jengo na moto kwa sababu ana uhusiano na maji. Vitengeneze kwa ile epoksi ya mafundi bomba inayokandwa kwa vidole, ikishakauka unaichonga kwa kisu na inakubali rangi yoyote.

Nguzo umesema zimetoka poa kwa hiyo sitazigusa sana. Jua tu kwamba kwenye jengo hili nguzo na mihimili ndo inabeba paa, ukuta ni wa kujaza nafasi, mtu aliyewahi kuona makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi jinsi paa lote lile linavyokalia nguzo ataelewa haraka. Faida kwako ni kwamba unaweza kuacha ukuta mmoja wazi au uliovunjika bila jengo kuonekana la uongo. Juu ya nguzo kuna ile mikono ya mbao inayopandana, dougong, na kwa majengo ya Tang ni mikubwa, pale Foguang kimo chake kinafika kama nusu ya kimo cha nguzo, na upenu unatokeza karibu mita 4 kutoka ukutani. Usijaribu kuiga kila kipande. Vijiti vya kiberiti, vimekatwa vifupi na kupangwa msalaba tabaka mbili tatu, kila tabaka likitokeza zaidi ya lililo chini, vinatosha kabisa manake vitakaa kivulini. Weka moja kubwa juu ya kila nguzo. Ukijaza vingi vidogo katikati ya nguzo umehama Tang umeingia Ming na Qing, koo zilizotawala baadaye sana, sawa pia, ila basi paa nalo liwe kali zaidi.

Kuhusu rafiki yako na mapepo. Hadithi hiyo inazunguka sana na kuna imani nyingi za kweli zilizozunguka paa hizi, lakini umbo lenyewe lina kazi: nguzo na kuta ni za mbao na udongo, mvua inaziozesha, kwa hiyo upenu utokeze mbali, na ukitokeza mbali kwa mteremko uleule mkali utaziba mwanga na kushuka mpaka usoni kwa mtu, ndo unalazwa na kuinuliwa. Pembe zilizosimama kabisa ni mtindo wa kusini mwa China hasa, kaskazini na hasa enzi za Tang zinapanda kwa upole. Zote ni sahihi, ila chagua moja usichanganye. Na dhahabu hapana. Vigae vya njano vilikuwa vya mfalme na majengo aliyoyaruhusu yeye, hekalu la kawaida mlimani au kijijini ni vigae vya kijivu. Paka kijivu cha giza, pitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji ikae kwenye mifereji, ikikauka pitisha brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe juu ya matuta. Nguzo ni nyekundu ya udongo, ile oksaidi nyekundu ya kupaka sakafu na milango ya chuma ambayo kila haduwea ya Uganda inayo, huhitaji kopo la bei la kutoka nje. Kuta nyeupe iliyochafuka kidogo.

Kwa ajili ya mchezo, mambo machache. Kitako cha mwanajeshi ni milimita 25, mlango usipungue 32, nafasi ya katikati iwe pana kuliko za pembeni, na hiyo ni sahihi kihistoria pia. Paa lisigundishwe, likalie mikono ya mbao na litolewe, manake kwa upenu mrefu hivo mkono hauingii. Chini ya jukwaa bandika vipande vya vigae vya bafu vilivyovunjika, jengo liwe zito chini lisiruke mtu akigusa meza.

Sasa njia nyingine, nikupe ukweli. Kuagiza la mbao zilizokatwa kwa leza kutoka nje, unapata usahihi na haraka, ila usafirishaji na ushuru vinaweza kupita bei ya kitu chenyewe, na zile mbao za MDF, za unga wa mbao ulioshindiliwa, zikinyonya maji zinavimba na hazirudi, kwa hiyo shida ya unyevu haijaondoka. Kuchapisha 3D jengo zima ni saa nyingi sana za mashine na mistari ya tabaka itaonekana kwenye paa la mviringo kuliko mahali pengine popote, halafu plastiki ya kawaida wanayotumia, PLA, inaanza kulainika kama nyuzi joto 60, ukiliacha kwenye gari juani utalikuta limelala. Lakini kuchapisha chiwen mbili tu na wanyama wa kwenye kona, hiyo naikubali kabisa kama epoksi imekushinda. Mimi kwa hela kidogo na muda uliopo ningechagua boksi, na siyo kwa sababu ni la bure tu. Boksi ukikosea mkanda mmoja unaukata unaweka mwingine.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Kama kukata kenchi zifanane kunakusumbua, peleka patani moja kwa fundi mbao mwenye msumeno mwembamba wa kuchongea azikate za plaiwudi zote kwa mara moja, au ukifika Kampala zunguka Nasser Road na kule Wandegeya karibu na Makerere, uliza wanaowatengenezea wanafunzi wa usanifu modeli zao, ukae nao uangalie mikono yao inavyofanya kazi, saa moja pale itakusaidia kuliko kurasa kumi. Ukitaka kuweka taa ndani, betri ndogo jaribu mwenyewe, umeme wa ukutani muachie fundi umeme. Sanding sila, tina na spreyi vitumie nje penye upepo, mbali na sigiri na moto wowote, na wadogo wasiwe karibu. Ukisikia kizunguzungu au kichwa, toka ukapate hewa, na kama kifua kinabana au hali haitulii nenda kliniki usisubiri asubuhi. Super gluu ikiingia jichoni usivute kope, suuza kwa maji mengi na uende hospitali. Na usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba, vikikutana vinatoa joto la kuunguza ngozi. Kisu kikikata ndani mpaka damu haikatiki, hiyo ni ya kushonwa, na uliza kama chanjo yako ya pepopunda bado iko hai.

Yale mapaa mawili ya zamani yabandue karatasi ya juu, mawimbi yakifika milimita 4 au pungufu utapata mikanda ya kutosha nusu ya paa jipya. Anza na patani, ijaribu juu ya nguzo zako kabla ya kukata kenchi, na kama upenu unafunika zaidi ya theluthi ya nguzo ukiangalia kutoka usawa wa meza, fupisha kwa milimita 5 kisha uangalie tena.